Kilichobaki baada ya kuchemsha mara mbili: kuielewa namba ya nyuzinyuzi ghafi

Kwenye lebo ya mfuko wa chakula cha kuku, chini ya protini na mafuta, kuna mstari ambao wafugaji wengi huuruka: nyuzinyuzi ghafi, zisizidi asilimia 6, au 7, au 8. Protini wanaijua, maana ndiyo inayopandisha bei. Huu mwingine unaonekana kama wa kujazia karatasi tu. Kwa maoni yangu ndio mstari unaofichua mengi zaidi kuhusu kilichomo mfukoni, ila kwa sharti moja: msomaji ajue namba ile imepatikanaje. Nyuzinyuzi ghafi hazimo ndani ya pumba kwa namna mafuta au protini yalivyomo. Ni jina la mabaki, yaani kile kilichogoma kuyeyuka sampuli ilipochemshwa kwenye asidi, kisha ikachemshwa tena kwenye alkali.

Njia hiyo ilibuniwa miaka ya 1860 na Wilhelm Henneberg na Friedrich Stohmann katika kituo cha utafiti cha Weende, kando ya mji wa Göttingen, Ujerumani. Hoja yao ilikuwa rahisi. Tumbo lina asidi, utumbo mwembamba una alkali, basi kinachovistahimili vyote viwili ndicho ambacho mnyama hawezi kukimeng'enya. Wakapima maji, majivu, protini, mafuta na mabaki hayo, kisha chochote kilichosalia ili kutimiza mia wakakihesabu kuwa wanga mwepesi unaomeng'enywa bila shida. Zaidi ya miaka 150 imepita na bado karatasi za maabara zetu zina safu zilezile, kwa mpangilio karibu uleule. Kipimo ni cha bei nafuu, vifaa vyake si vigumu kupatikana, na sheria na viwango vingi vya vyakula vya mifugo viliandikwa kwa kukitegemea. Hakitaondoka kesho, kwa hiyo heri kukifahamu.

Jinsi kinavyopimwa, na kinapoharibika

Kabla ya maabara kuna gunia, na makosa mengi huanzia hapo. Maganda ni mepesi, unga wa ndani ni mzito. Lori likitikisika kutoka Mbarali hadi Dar es Salaam, vitu hivyo hujitenga ndani ya gunia. Ukichota konzi moja ya juu na kuipeleka maabara, umepima konzi ile, hujapima gunia. Tumia bambo, choma juu, katikati na chini, kwenye magunia kama kumi ya shehena moja. Mwaga vyote kwenye turubai safi, changanya, sambaza duara, ligawe robo nne, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, rudia hadi ibaki kama nusu kilo. Funga kwenye mfuko usiopitisha hewa na uandike tarehe na asili yake.

Maabarani sampuli husagwa ipite kwenye tundu la milimita 1. Kipimo hicho cha tundu si cha mapambo. Ukisaga chembechembe kubwa mno, asidi haifiki ndani na jibu hupanda. Ukisaga kuwa vumbi, nyuzi ndogo hupenya kwenye chujio na jibu hushuka. Pumba ileile ikisagwa na mashine mbili tofauti inaweza kutoa majibu mawili, na hakuna aliyedanganya.

Hupimwa gramu 2. Kama sampuli ina mafuta mengi, huoshwa kwanza kwa petroli etha. Mashudu ya alizeti kutoka mashine ndogo za kukamua za Singida na Dodoma mara nyingi hubaki na mafuta asilimia 8 hadi 12, na mafuta hayo yakiachwa hufunika chembe zisilowe asidi, kisha hugeuka sabuni kwenye alkali na kuziba chujio. Chakula cha kuku wa mayai chenye chokaa nyingi nacho kina lake: kabonati hutoa povu na kula sehemu ya asidi, hivyo huoshwa kwanza kwa asidi hafifu ya haidrokloriki.

Kisha huja uchemshaji wa kwanza: mililita 200 za asidi ya salfuriki ya asilimia 1.25, dakika 30 kamili, zikihesabiwa tangu inapoanza kuchemka na si tangu jiko lilipowashwa. Chombo lazima kiwe na kondensa inayorudisha mvuke chini. Maji yakipungua, asidi inakuwa kali kuliko ilivyopangwa na inakula hata kisichostahili kuliwa. Povu likipanda na kuacha chembe kavu ukutani mwa chombo, chembe hizo hazijachemka. Tone la dawa ya kuzuia povu huokoa kazi. Chuja, osha kwa maji ya moto hadi asidi iishe kabisa. Asidi ikibaki itapunguza nguvu ya alkali inayofuata, na jibu litakuwa kubwa kuliko ukweli. Uchemshaji wa pili ni wa sodiamu haidroksaidi, ile tunayoiita kostiki soda, nayo asilimia 1.25, dakika 30 nyingine. Chuja tena, osha kwa maji ya moto, malizia kwa asetoni.

Mabaki hukaushwa kwenye kikombe chenye kitako cha chujio, hupozwa ndani ya desiketa (chombo kilichofungwa kisichoingiza unyevu), hupimwa uzito, kisha huingia kwenye tanuru la nyuzi joto 550 hivi hadi ibaki jivu jeupe au la kijivu, na hupimwa tena. Kilichoungua ndicho nyuzinyuzi ghafi, kilichobaki ni madini na mchanga. Tuseme kikombe na mabaki makavu vilikuwa gramu 31.412, na baada ya tanuru gramu 31.236. Tofauti ni 0.176. Gawanya kwa gramu 2, zidisha kwa 100, unapata asilimia 8.8. Tazama uzito ulivyo mdogo: kosa la gramu 0.02, ambalo kikombe kilichopimwa kikiwa bado na joto kinaweza kulileta, linageuza 8.8 kuwa 9.8 au 7.8. Ndiyo maana kipimo kimoja pekee hakitoshi. Omba viwili sambamba, na kama vimeachana sana, kirudiwe.

Jambo moja la kuuliza kila mara unapokabidhiwa karatasi: je, asilimia hii ni ya chakula kama kilivyo, au ya kikavu kitupu, yaani chakula kikitolewa maji yake yote? Pumba ile ya 8.8 ikiwa na unyevu wa asilimia 11, kwa hesabu ya kikavu ni 8.8 gawanya kwa 0.89, sawa na 9.9. Muuzaji anaweza kuonyesha moja na mnunuzi kudai nyingine, wakagombana juu ya gunia lilelile.

Kile ambacho namba haioni

Ukuta wa chembehai ya mmea umejengwa kwa vitu kadhaa. Selulosi ni nyuzi zenyewe, kama fito za ukuta wa nyumba ya udongo. Hemiselulosi ni udongo unaoshika fito. Lignini ni kile kinachoufanya ukuta ukauke na kuwa mgumu kama mti. Kisha kuna pektini na vitu vinavyoyeyuka majini na kufanya ute, kama ule wa bamia.

Asidi na alkali za Weende haziviheshimu kwa usawa. Sehemu kubwa ya hemiselulosi huyeyuka na kumwagwa pamoja na maji ya kuoshea. Lignini, ambayo hakuna tumbo la mnyama linaloimeng'enya, nayo huyeyuka kwa kiasi kikubwa kwenye alkali, hasa lignini ya nyasi. Pektini huondoka yote. Hata selulosi hupungua. Na kwa kuwa safu ya wanga mwepesi hupatikana kwa kutoa katika mia, vyote vilivyomwagwa huishia kuhesabiwa humo. Lignini ikahesabiwa kuwa chakula rahisi! Ndiyo maana kwa baadhi ya nyasi za kitropiki wataalamu waliona ajabu: ng'ombe alimeng'enya nyuzinyuzi ghafi vizuri kuliko alivyomeng'enya huo unaoitwa wanga mwepesi.

Aliyerekebisha hali hii ni Peter Van Soest wa Marekani, katika miaka ya 1960. Alitumia sabuni za kikemikali badala ya asidi na alkali kali. Kipimo chake cha kwanza, kinachoandikwa NDF kwenye karatasi za maabara, hubakiza selulosi, hemiselulosi na lignini. Cha pili, ADF, hubakiza selulosi na lignini. Ukitoa cha pili kwenye cha kwanza unapata makisio ya hemiselulosi. Kwa anayelisha wanyama wanaocheua, namba hizi mbili zinafaa kuliko nyuzinyuzi ghafi, na kama fedha inatosha kipimo kimoja tu cha majani, lipia NDF.

Mfano wa karibu ni pumba za mahindi. Ganda la punje ya mahindi limejaa hemiselulosi kuliko kitu kingine chochote, na lignini yake ni kidogo. Kwa hiyo karatasi inaweza kusema nyuzinyuzi ghafi asilimia 9 huku NDF ikiwa 30 na kitu. Pumba hizo hazijabadilika. Kilichobadilika ni chujio ulilozipitishia. Ukilinganisha pumba za mahindi na mashudu ya alizeti kwa nyuzinyuzi ghafi peke yake, mahindi yanaonekana mepesi sana, kwa sababu ganda la alizeti ni gumu, lina selulosi na lignini zinazostahimili uchemshaji.

Mtego wa maganda

Hata hivyo kuna kazi moja ambayo kipimo hiki cha zamani huifanya vizuri mno: kukamata maganda. Maganda ya mpunga, magunzi yaliyosagwa, vumbi la mbao, makoko ya pamba na alizeti, vyote vina selulosi nyingi isiyoyeyuka na vyote huchanganywa kwenye pumba ili kuongeza uzito.

Chukua pumba laini za mpunga. Zikiwa safi, nyuzinyuzi ghafi ni karibu asilimia 8, protini karibu 13, majivu 9 au 10. Maganda ya mpunga yenyewe yana nyuzinyuzi ghafi karibu 40, protini 3, majivu karibu 18, na majivu hayo karibu yote ni silika, malighafi ya kioo. Sasa karatasi imerudi ikisema 16. Chukua 16, toa 8, unapata 8. Chukua 40, toa 8, unapata 32. Nane gawanya kwa 32 ni robo. Katika gunia la kilo 50 umenunua kilo 12 na nusu za maganda.

Usiishie hapo. Kama ni robo kweli, protini inapaswa kuwa kama 10 na nusu, na majivu kama 11 au 12. Namba tatu zikikubaliana, huna haja ya kubishana na mtu. Majivu yakiwa 20, kuna mchanga pia, maana maganda pekee hayawezi kuyafikisha huko kwa kiwango hicho cha nyuzinyuzi. Protini ikiwa juu kuliko inavyotarajiwa, jiulize kama mtu ametia mbolea ya yurea, kwani kipimo cha kawaida cha protini huhesabu naitrojeni bila kujali imetoka wapi.

Haki itendeke pia kwa mwenye mashine. Mashine za zamani za chuma zinazokoboa na kung'arisha mpunga kwa mkupuo mmoja hutoa maganda na pumba vikiwa vimesagwa pamoja, bila mtu kuchanganya chochote. Mashine za roli za mpira hutenganisha: maganda upande mmoja, pumba laini upande mwingine. Bidhaa ya mashine ya kwanza si ya udanganyifu, ila si ya bei ya pumba laini wala si ya kifaranga.

Kama maabara iko mbali, ungo upo. Pepeta nusu kilo taratibu uone kinachopeperuka. Tia konzi kwenye bilauri ya maji, koroga, subiri dakika chache: maganda na vumbi la mbao huelea, mchanga hutulia chini. Jaza kopo la lita moja bila kushindilia na ulipime uzito, kisha ulinganishe na kopo hilohilo la pumba unayoiamini. Maganda ni mepesi mno, na kopo litakwambia. Wenye duka la kemikali karibu wanaweza kutumia floroglusinoli iliyoyeyushwa kwenye asidi ya haidrokloriki na spiriti: ikidondoshwa juu ya pumba, palipo na lignini hugeuka wekundu, na kadiri wekundu unavyotapakaa ndivyo maganda yalivyo mengi. Vipimo hivi havikupi asilimia ya kuandika kwenye lebo. Vinakwambia ni gunia lipi la kurudisha.

Kuku: hesabu ya mashudu ya alizeti

Chakula hupita kwenye mwili wa kuku kwa saa, si kwa siku. Hana vijidudu vya kutosha vya kuvunja selulosi, isipokuwa kidogo katika vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo. Kwa hiyo nyuzi humjaza bila kumpa nguvu. Kuku wa mayai mkubwa hujaribu kula zaidi ili afidie, mpaka kiriba, ule mfuko wa chakula wa shingoni, kinapomzuia. Kifaranga wa broila kiriba chake hujaa mapema, na hapo ndipo ukuaji unaposimama. Viwango vya kawaida ni kama asilimia 5 kwa vifaranga wa nyama, na 6 hadi 8 kwa wa mayai.

Tatizo la michanganyiko mingi ya nyumbani ni mashudu ya alizeti yasiyokobolewa. Ni rahisi, yanapatikana, protini yake inavutia. Tazama mchanganyiko huu wa kilo 100 za kuku wa mayai: mahindi 48, pumba za mahindi 12, mashudu ya alizeti 20, mashudu ya soya 6, dagaa 4, chokaa 8, na kilo 2 za premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini), chumvi na unga wa mifupa. Zidisha kila kimoja kwa nyuzinyuzi zake. Mahindi kwa asilimia 2.2 yanaleta kilo 1.06. Pumba kwa 8 zinaleta 0.96. Mashudu ya alizeti kwa 28 yanaleta 5.6. Soya kwa 6 inaleta 0.36, dagaa hawaleti hata nukta moja ya maana. Jumla ni kilo 8, yaani asilimia 8, na alizeti peke yake imebeba asilimia 70 ya mzigo huo.

Punguza alizeti hadi kilo 10, pandisha soya hadi 14 na mahindi hadi 50, vingine viache vilivyo. Nyuzinyuzi zinashuka hadi asilimia 5.7, na protini, kwa makadirio ya kawaida ya malighafi hizo, inapanda kutoka 15 na kitu hadi 16 na kitu. Bei ya mfuko itapanda, sikatai. Lakini linganisha bei ya trei ya mayai na bei ya mfuko, usilinganishe mfuko na mfuko. Njia nyingine ni kutafuta mashudu ya alizeti iliyokobolewa kabla ya kukamuliwa: yakiwa na nyuzinyuzi 14, kilo zile zile 20 zinaleta 2.8 tu, na mchanganyiko wa kwanza unashuka hadi 5.2 bila kuongeza soya. Hata kuyachekecha mashudu ya kawaida husaidia, kwa sababu makoko mengi hubaki juu ya chekeche. Kilichobaki juu kipe ng'ombe.

Wapo wanaosikia haya wakakimbilia kuondoa nyuzi zote. Hapo nako wanakosea. Firigisi ya kuku ni misuli, na misuli isiyo na kazi hulegea. Nyuzi chache ngumu huikuza na kuboresha usagaji wa chakula kizima. Kuku wa mayai wanaokula chakula laini kisicho na nyuzi huelekea zaidi kudonoana manyoya. Nyuzi zinazoleta madhara bila kuonekana kwenye kipimo ni zile za ute, zilizomo kwenye ngano na shayiri. Nyuzinyuzi ghafi inaweza kusoma chini na bado kinyesi kikawa cha kunata na matandiko yakalowa, maana ule ute uliyeyuka wote kwenye chombo cha maabara. Ukiongeza ngano kwa wingi, tafuta premiksi yenye kimeng'enya cha zailanesi.

Ng'ombe: hapa ni kima cha chini

Kwa ng'ombe hesabu inageuka. Kule tulitafuta nyuzi zisizidi. Huku tunatafuta zisipungue. Vijidudu vya tumbo la kwanza huzivunja na kutoa asidi ya asetiki, na hiyo ndiyo malighafi kuu ya mafuta ya maziwa. Kwa ng'ombe wa maziwa, mwongozo wa muda mrefu umekuwa nyuzinyuzi ghafi zisipungue asilimia 17 ya chakula chote kikavu, au NDF zisipungue 25 hadi 28, na sehemu kubwa ya hizo itoke kwenye majani. Ukimimina pumba na unga asubuhi na jioni kwa tamaa ya lita, majani yakapungua, kwanza mafuta ya maziwa hushuka, kisha kinyesi hulainika na kuwa na mapovu, kisha kwato huanza kuuma. Tumbo limechachuka.

Na hapa kuna jambo ambalo hakuna kemikali inayolipima: urefu. Ng'ombe hucheua kwa sababu nyuzi ndefu zinamkwaruza ukuta wa tumbo, na akicheua humeza mate yenye magadi, lita nyingi kwa siku, yanayotuliza uchachu. Magunzi yaliyosagwa kuwa unga yanaweza kuipa karatasi asilimia 17 zake bila kumfanya ng'ombe acheue ipasavyo. Majani ya tembo yakatwe sentimita 2 hadi 5, mashine isiyafanye rojo. Ng'ombe waliolala na kutulia watazame: wengi wao wawe wanacheua. Wakiwa wachache, usihangaike na lebo ya mfuko. Nenda kwenye hori.

Nyuzi zikizidi nako kuna gharama. Kanuni ya haraka inayotumiwa na wataalamu ni kugawa 120 kwa asilimia ya NDF. Jibu ni kikavu ambacho ng'ombe anaweza kula kwa siku, kama asilimia ya uzito wake. Majani ya tembo machanga, yakiwa na urefu wa karibu mita 1 na NDF ya 60, yanatoa 2. Ng'ombe wa kilo 400 atakula kilo 8 za kikavu. Yakiachwa yakomae hadi NDF ifike 72, ataishia kilo 6.7, na kila kilo ina protini kidogo kuliko ya awali. Shamba limeonekana refu na la kijani, hori limejaa, na maziwa yamepungua.

Sungura yuko peke yake. Hacheui, lakini bila nyuzi utumbo wake husimama. Anahitaji nyuzinyuzi ghafi asilimia 14 hadi 16, na anayemlisha chakula cha vifaranga vya kuku, chenye 5, kwa sababu ndicho kilichopo dukani, anamkaribisha kuhara kunakoua kwa siku chache. Kwa sungura majani makavu ndiyo mlo, pumba ni nyongeza.

Kwenye sahani ya mtu

Kwa watu, nyuzinyuzi ghafi ni namba isiyofaa kupangia mlo, na bado huonekana kwenye majedwali ya zamani na kwenye vifungashio vya unga. Inafaa kiwandani, kumwonyesha msagishaji ni kiasi gani cha ganda kimebaki kwenye sembe. Kwa afya kinachohesabiwa ni makapi-mlo, yaani kila sehemu ya mmea ambayo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuivunja, pamoja na hemiselulosi na ute ambavyo Weende huvimwaga. Msingi wa tafsiri hiyo ya makapi-mlo uliwekwa mwaka 1972 na Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi miaka mingi Kenya na Uganda. Mwenzake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliifanya hoja hiyo isikike duniani, akilinganisha magonjwa ya utumbo mpana aliyoyaona mara chache Afrika na yalivyojaa hospitali za Uingereza.

Tofauti ya namba hizi mbili si ndogo. Ngano nzima ina nyuzinyuzi ghafi kama 2, lakini makapi-mlo kama 11 au 12. Maharage makavu: 4 na kitu dhidi ya 15 au zaidi. Mtu mzima aliyekula kwa siku gramu 200 za unga wa dona na gramu 80 za maharage makavu, kwa kipimo cha zamani amepata gramu 7 au 8. Kwa makapi-mlo, dona ikihesabiwa 7 kwa kila gramu 100, amepata 14 kutoka kwenye ugali na 12 kutoka kwenye maharage, jumla 26. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau 25. Jedwali moja linamwambia ana upungufu mkubwa, jingine linamwambia ametimiza. Akibadili dona kwa sembe iliyokobolewa sana, sehemu kubwa ya zile 14 inabaki mashineni, inaingia kwenye gunia la pumba, na kupelekwa kwa kuku.

Mtoto mdogo asipewe hesabu ya mtu mzima. Tumbo lake ni dogo, na uji uliojaa makapi humshibisha kabla hajapata nguvu ya kutosha. Kwa unga wa lishe, soya na maharage yalowekwe, yamenywe maganda, yakaangwe au yachemshwe ndipo yasagwe, na unga uchekechwe kwa chekeche laini. Maganda yaliyobaki juu ya chekeche hayapotei: mbuzi atayala.